Unabii wa Tiro usomwe mpaka sura ya 29

Ndugu Mhariri,

Kila vita vinapozuka Mashariki ya Kati, wahubiri na waandishi wa safu za dini hutuletea Ezekieli na Danieli na kutuambia kuwa yote yalikwisha kuandikwa. Mfano unaopendwa kuliko mingine ni wa Tiro, mji wa kale wa bandari katika Lebanoni ya leo: Ezekieli alitabiri maangamizi yake, Aleksanda Mkuu akayatimiza neno kwa neno, basi mwenye shaka hana pa kujitetea. Naomba nafasi nieleze kwa nini mfano huu hauwezi kubeba mzigo unaotwikwa. Wengi wanaousimulia huishia sura ya 26, hawafiki ya 29.

Sura ya 26 haimtaji Aleksanda. Aya ya 7 inamtaja kwa jina Nebukadreza, mfalme wa Babeli, na kuanzia hapo hadi aya ya 11 kazi yote ni yake: atajenga boma la kuuzingira mji, atabomoa minara, kwato za farasi wake zitakanyaga njia zake zote. Aya ya 14 inamalizia kwamba mji hautajengwa tena.

Sasa tuangalie yaliyotukia. Tiro ilikuwa na makazi ya bara, na mji wenyewe, wenye kuta, ulikuwa kisiwani, mamia kadhaa ya mita kutoka pwani. Nebukadreza aliuzingira miaka 13, takriban kuanzia 586 hadi 573 KK. Farasi na magari ya vita hayavuki bahari, na Watiro walikuwa mabaharia hodari. Mwishowe wakakubali kuwa chini ya Babeli, lakini kisiwa hakikubomolewa wala kutekwa nyara.

Anayetuambia hivyo ni Ezekieli mwenyewe. Fungua 29:17-20, maneno yenye tarehe ya mwaka 571 KK. Anasema Nebukadreza alilitumikisha jeshi lake kazi ngumu juu ya Tiro hata kila kichwa kikaota upara na kila bega likachubuka, lakini yeye na jeshi lake hawakupata ujira wowote kutoka mji huo. Kwa hiyo atapewa Misri iwe mshahara wao. Nayo Misri, sura hiyo hiyo inasema, itakaa miaka 40 bila kupitwa na mguu wa mtu wala wa mnyama. Nebukadreza alipigana na Misri kweli, mnamo 568 KK, ila miaka hiyo 40 ya ukiwa haimo katika historia. Herodoto, mwanahistoria Mgiriki, anaandika kwamba chini ya Farao Amasi, aliyetawala 570 hadi 526 KK, Misri ilineemeka kuliko wakati mwingine wowote.

Watetezi hujibu kwamba aya ya 3 ya sura ya 26 inasema “mataifa mengi”, na kwamba katika aya ya 12 maneno yanahama kutoka “yeye” kwenda “wao”. Hapo ndipo wanapomwingiza Aleksanda. Ni kweli kwamba mwaka 332 KK Aleksanda alijaza tuta baharini kwa kifusi cha makazi ya bara, akauteka mji baada ya miezi saba. Lakini chini ya miaka 20 baadaye Antigono, jemadari wake wa zamani, alilazimika kuuzingira tena kwa zaidi ya mwaka mzima. Paulo alikaa humo siku saba na wanafunzi (Matendo 21:4). Leo unaitwa Sur, uko kusini mwa Lebanoni, na watu wanaishi juu ya kisiwa kile kile na tuta lile lile. Tukiruhusu mtendaji abadilishwe na muda uachwe wazi kwa karne nzima na zaidi, ni bandari gani ya kale itakosa kutimiza unabii?

Danieli 11, inayosimulia kama utabiri vita vya wafalme wa kusini (Misri) na wa kaskazini (Shamu), ina tatizo la upande mwingine. Hapo mambo yanalingana mno. Binti wa mfalme wa kusini anayeolewa kaskazini (aya ya 6) ni Berenike, aliyeozwa kwa Antioko wa Pili. Merikebu za Kitimu (aya ya 30) ni za Warumi, waliomfukuza Antioko Epifane, mfalme wa kaskazini, kutoka Misri mwaka 168 KK. Chukizo la uharibifu (aya ya 31) ni kunajisiwa kwa hekalu la Yerusalemu mwaka 167 KK. Kisha, kuanzia aya ya 40, usahihi unakatika ghafla: mfalme huyo huyo angeiteka Misri na kufia kati ya bahari na mlima mtakatifu. Antioko hakuiteka Misri tena, na alifia Uajemi mwaka 164 KK.

Mahali usahihi unapokatika ndipo penye tarehe ya mwandishi: aliyajua yaliyokwisha kutokea, si yaliyokuwa bado. Porfirio, mwanafalsafa aliyeupinga Ukristo, aliliona hilo tangu karne ya 3 BK, na Mtakatifu Yeronimo akaandika kumjibu. Yoshua bin Sira, mwandishi Myahudi wa kitabu cha hekima aliyeandika karibu 180 KK, anawasifu Isaya, Yeremia, Ezekieli na wale manabii 12, Danieli hayumo. Nakala kongwe za Danieli kutoka Kumrani, mapango ya kando ya Bahari ya Chumvi, zinakadiriwa kuwa za karne ya 2 KK. Wapo wanaosema aya ya 40 inarukia mpinga Kristo wa siku zijazo, lakini maandishi yenyewe hayaonyeshi kubadili mfalme: “naye” wa aya ya 40 ni yule yule wa aya ya 36.

Hatari zaidi ni hesabu za miaka. William Miller wa Marekani, akitafuta mwaka wa kurudi kwa Kristo, alichukua siku 2,300 za Danieli 8:14, akazigeuza miaka, akaanza kuhesabu kutoka amri ya Artashasta, mfalme wa Uajemi, ya 457 KK. Ukitoa 457 kwenye 2,300 unapata 1843. Mwaka ukapita. Ikakumbukwa kwamba hakuna mwaka sifuri kati ya KK na BK, basi ukaongezwa mmoja, na wafuasi wakaafikiana juu ya Oktoba 22, 1844. Baadhi yao waliacha mazao shambani bila kuyavuna. Waadventista Wasabato, ambao ni wengi hapa kwetu, wametokana na vuguvugu hilo, nao hufundisha kwamba tarehe ile ilihusu jambo la mbinguni. Danieli mwenyewe anataja jioni na asubuhi 2,300. Wafasiri wengi huona hapo sadaka mbili za kila siku, yaani siku 1,150, muda unaokaribiana na ile miaka mitatu hekalu lilipokuwa najisi.

Umbo la unabii ulio rahisi kupima lipo katika Sura ya Ar-Rum ya Kurani: wahusika wanatajwa, Warumi walioshindwa watashinda, na muda ni miaka michache, ambayo wafasiri huihesabu kuwa kati ya 3 na 9. Waajemi waliiteka Yerusalemu mwaka 614. Heraklio, mfalme wa Warumi, akawashinda karibu na Ninawi mwaka 627. Hapo pia mjadala unarudi kwenye maswali yale yale: maneno yalitoka mwaka gani, na saa inaanza kuhesabiwa kwa kushindwa kupi?

Hayo hayamvunjii Ezekieli heshima. Kitabu chake kimeacha sura ya 26 na ya 29 zisomwe pamoja, bila kuficha, na huo ni uaminifu ambao wahubiri wengi wa leo hawana. Yona naye alitangaza siku 40 kwa Ninawi, mji ukatubu, ukasalimika, na kitabu hakioni aibu kusema hivyo, maana onyo lilikuwa limefanya kazi yake.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni hili. Gazeti linapochapisha makala yanayodai unabii fulani umetimia, mwandishi atakiwe kuandika sura na aya zote zinazohusika, mwaka ambao maandishi yanadhaniwa kuandikwa na kwa ushahidi gani, na mwaka tukio lilipotokea. Akileta Tiro, 29:17-20 ichapishwe kando ya 26:7-14, msomaji azione zote mbili.

Msomaji wako,
Mwalimu wa Maandiko, Morogoro