Mstari wa 10 mbona hausomwi?

Ndugu Mhariri,

Bwana Yesu asifiwe, na kwa wasomaji wenu wasio wa imani yangu nawasalimu kwa amani. Mimi ni mama wa miaka 57, mkulima wa zabibu huku Mpunguzi nje ya mji wa Dodoma, Mwanglikana tangu utoto, na sijawahi kuandika gazetini hata siku moja, ila Jumapili iliyopita wifi yangu alinitumia kwenye simu picha ya ukurasa wenu wa dini, mtumishi mmoja wa Mungu ameufafanua Yeremia 29:11 akasema atakayelishika neno lile kwa imani basi mwaka huu hauishi hajavuka shida zake. Wifi katuma kwa upendo kabisa, anajua tunayopitia. Lakini nilivyomaliza kusoma nililia, na machozi yenyewe hayakuwa ya kufarijika, ndo maana nimekaa usiku huu niandike.

Mstari wenyewe naupenda na nimeukariri tangu nikiwa kipaimara. "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema Bwana, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho." Nani asiupende. Uko kwenye kadi za harusi, uko kwenye vitenge vya kwaya, uko nyuma ya daladala. Sasa naomba wasomaji wafungue Biblia zao wasome mstari wa 10 uliotangulia hapo hapo juu yake, maana Mungu anasema atawajilia watu wake Babeli ikishatimiziwa miaka 70. Miaka sabini jamani! Ile sura ni barua, Yeremia aliwaandikia watu waliochukuliwa mateka na Nebukadreza pamoja na mfalme Yekonia, yapata mwaka 597 kabla ya Kristo, watu waliokuwa wanalala na mabegi yamefungwa wakisubiri kurudi kwao, na mwanzoni mwa barua anawaambia jengeni nyumba mkae, pandeni bustani mle matunda yake, oeni, ozesheni, uombeeni amani mji mliopelekwa. Mwenye miaka 40 aliyesomewa barua ile alikuwa ameambiwa wazi kwamba yeye Yerusalemu haioni tena. Na bado ni yeye anayeambiwa nayajua mawazo ninayowawazia. Ahadi ilikuwa ya kwake, ila kuvuka kwenyewe wangevuka wajukuu.

Na sura moja nyuma, ya 28, kuna nabii mwingine anaitwa Hanania, huyu hatajwi sana kwenye mahubiri. Huyu alisimama hekaluni mbele ya makuhani na watu wote akasema ndani ya miaka miwili kamili kila kitu kitarudi, vyombo vya hekalu na mfalme na mateka wote. Akaichukua nira ya mti iliyokuwa shingoni mwa Yeremia akaivunja hadharani. Fikiria shangwe ya siku hiyo, mi naamini watu walipiga vigelegele. Yeremia mwenyewe akajibu Amina, Bwana na atende hivi, kwa sababu hata yeye alitamani iwe kweli, hakuwa mtu anayefurahia watu wateseke. Ila halikuwa neno la Bwana, na Hanania akafa mwaka ule ule. Kwa hiyo nauliza kwa heshima zote, leo hii kwenye redio na mikutano na mitandao tunamsikiliza Yeremia au tunamsikiliza Hanania?

Naandika hivi kwa sababu yametukuta. Mwaka juzi mwezi wa tatu, zabibu zimeiva ziko kwenye mavuno, mume wangu alianguka shambani katikati ya mistari ya mizabibu. Kiharusi. Upande wote wa kulia ukakata na maneno yakapotea, mtu aliyekuwa anaimba besi kwenye kwaya miaka ishirini na kitu akawa anatoa sauti tu. Wiki tatu tulikuwa hospitali, mi nalala chini pembeni ya kitanda, na kule shambani mvua ya mwisho wa msimu inanyesha juu ya zabibu zilizoiva, na mkulima wa zabibu anajua maana yake, zikinyeshewa zimeiva zinapasuka zinaoza na nyuki na nyigu wanamalizia. Mnunuzi mmoja alikuwa kashachukua za msimu uliopita kwa mkopo na mpaka leo hajalipa. Mtoto wa mwisho yuko kidato cha tatu, ada inadaiwa. Yaani vyote kwa pamoja.

Tuliporudi nyumbani wakaja watu wa maombi, sio wa kanisani kwetu, sitawataja maana lengo langu sio kumwaibisha mtu. Waliomba vizuri tu siku ya kwanza. Siku ya pili wakasema kuna mlango wa dhambi umefunguliwa ndani ya nyumba hii. Siku ya tatu wakasema vidonge vya presha ni dalili ya mashaka, na kwamba tupande mbegu ya sadaka. Tulitoa laki tatu, ilikuwa ada. Mzee aliacha vidonge siku tisa na siku ya kumi akapata mshtuko mwingine, mdogo kuliko wa kwanza, Mungu alisaidia. Wale watu niliwapigia wakaniambia imani yetu haikutosha. Mtu kalala hawezi kusema hata jina la mwanae halafu anaambiwa imani yake haitoshi, na hawezi kujibu. Mhariri, hilo lilinichoma kuliko kiharusi chenyewe.

Nikarudi kwenye Biblia kutafuta hiyo imani inayotosha ikoje. Nikamkuta Yohana Mbatizaji, aliyembatiza Bwana kwa mikono yake, yuko gerezani anatuma wanafunzi wake kuuliza wewe ndiye yule ajaye au tumtazamie mwingine. Na Yesu hakumfokea, alimsifu mbele ya makutano. Halafu Yohana hakutoka gerezani, alikatwa kichwa. Paulo na mwiba wake wa mwilini, kaomba mara tatu umtoke, jibu likawa neema yangu yakutosha, mwiba ukabaki. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na inaishia gizani, hakuna hata mstari mmoja wa kusema mwishoni kukapambazuka, na bado waliiweka kwenye kitabu cha nyimbo za ibada ili watu waiimbe! Naomba mtu anieleze ni lini mara ya mwisho tuliimba wimbo wa namna hiyo Jumapili. Sisi ukisimama kutoa ushuhuda ni lazima uwe umeshashinda, anayeendelea kuumwa anakaa kimya kwenye benchi la nyuma.

Yale maporomoko ya tope ya Katesh kule Hanang' tarehe 3 Desemba 2023, watu zaidi ya 80 walikufa, nilisikia mtu msibani anasema ile ilikuwa hukumu. Yesu aliletewa habari za mambo kama hayo, akawataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akauliza mwadhani hao walikuwa wakosaji kuliko watu wote wa Yerusalemu? Akajibu mwenyewe, la. Nadhani ingetosha kwa mkristo yeyote kunyamaza. Rafiki zake Ayubu walikaa naye chini siku saba usiku na mchana bila neno, na hicho ndo kitu kizuri walichofanya, walipofungua midomo ndipo wakaharibu.

Mi nilifundishwa kumtumaini Mungu na bibi yangu mzaa mama, na yeye hakujua kuhubiri. Alikuwa mtoto kwenye ile njaa kubwa ya Ugogo tunayoiita Mtunya, wakati wa vita ya kwanza ya dunia na baada yake, majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalichukua ng'ombe na nafaka na wanaume wa kubeba mizigo, halafu mvua nayo ikakataa. Alizika ndugu zake. Alikuwa anasimulia bila kulia, walikula mizizi ya porini. Ila kitu nilichokiona mimi kwa macho, kila mwaka alikuwa na kibuyu cha mbegu ya uwele kimening'inia juu ya jiko kwenye moshi ili wadudu wasiingie, na hata chakula kikiisha ndani kile kibuyu hakiguswi. Tunalia njaa na mbegu ipo inaning'inia hapo, tulimwona katili. Ikifika Novemba anazika mbegu kwenye vumbi kabla tone halijadondoka, maana mvua yetu Dodoma ni ya msimu mmoja tu, kuanzia Desemba mpaka Aprili hivi, ukichelewa umepotea. Nilimuuliza mara moja, bibi na isiponyesha? Akasema, "Mwanangu, kunyesha sio kazi yangu." Akaendelea na jembe. Kuna miaka haikunyesha kweli, akapanda tena mwaka uliofuata.

Nimewaza sana kuhusu hilo neno msimu. Tunapenda kusema huu ni msimu wangu kama vile msimu ni zawadi ya mtu mmoja, wakati Mhubiri sura ya 3 anasema kila jambo lina majira yake halafu anaorodhesha na kufa, na kung'oa, na kulia, na kupoteza. Mizabibu yetu huku inavunwa mara mbili kwa mwaka, na haivunwi bila kukatwa. Ukishavuna unaiacha ipumzike, halafu unapogoa, unakata matawi yote yaliyozaa unabakiza vijiti vifupi tu. Mgeni akipita atadhani shamba limekufa. Na ukikata lile jeraha linatoa maji, tone tone, siku kadhaa, mzabibu unalia kweli kabisa. Baada ya hapo ni kama miezi minne mpaka zabibu tena, na katikati kuna ugonjwa wa ubwiriunga na kuna ndege na kuna bei.

Kuna mama mwenzangu aliniambia kiharusi cha mzee ndo mkasi wa Mungu, anatupogoa tuzae zaidi, Yohana 15. Alinitakia mema, ila mi siwezi kusema hivyo. Sijui kwa nini mume wangu alianguka na sitaki mtu anijulishe kwa niaba ya Mungu. Ninachojua ni kwamba mkulima hakati na kuondoka, anarudi kila siku kuangalia. Hilo naliona. Nimeliona kwa kijana wa bodaboda anayempeleka mzee kliniki kila mwezi na nauli anachukua nusu, kwa wamama wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa walioenda kuvuna zabibu zilizobaki bila kuitwa na mi niko hospitali, kwa mchungaji wetu aliyekuja akakaa kwenye kigoda karibu saa nzima bila kusema kitu, akaomba sentensi mbili akaondoka. Na vidonge pia navihesabu humo. Vidonge vya presha ni rehema ya Mungu na mzee anavimeza kila asubuhi na chai.

Halafu kuna hili. Mwezi wa saba mzee alikuwa bado hatamki zaidi ya maneno manne matano. Jioni moja vijana wa kwaya walikuja wakaimba uani, na yeye akafungua mdomo akaimba besi, na maneno, maneno yote, beti mbili. Nilidondosha sufuria. Nesi wa kliniki alinieleza baadaye kwamba inatokea, kuimba kunapita upande mwingine wa ubongo, na mi nikasema sawa, na huo upande mwingine nani aliuweka? Wimbo ulipoisha hakuweza kuniomba maji. Mpaka leo kuongea ni kwa shida sana. Sasa hiyo niite uponyaji au nisiite? Nikienda kusimama kanisani niseme nimevuka? Sijavuka. Niko mwaka wa tatu kati ya sabini, ila bustani nimepanda.

Habakuki kwenye sura yake ya mwisho anataja mtini usiochanua, zizi lisilo na kundi, na mizabibu isiyo na matunda, halafu anasema walakini nitamfurahia Bwana. Zamani nilikuwa nausoma kama ushairi. Sasa nimesimama kwenye hiyo mizabibu isiyo na matunda na naweza kuwaambia kwamba hiyo walakini sio neno la kurukaruka. Kuna asubuhi nalisema nikiwa na hasira. Kuna asubuhi silisemi kabisa, nasoma Zaburi ya 13, Ee Bwana hata lini utanisahau, nafunga kitabu naenda kuchota maji, na naamini hiyo nayo ni sala.

Ombi langu kwenu Mhariri ni dogo. Ukurasa wenu wa Jumapili unasomwa na watu walioko wodini, na waliofukuzwa kazi, na wanaosubiri mtoto mwaka wa kumi, na tuliotoa sadaka ada ya watoto ili tuonekane tuna imani. Wapeni nafasi na watumishi watakaoandika kwa ajili ya hao, wausome mstari wa 11 pamoja na wa 10 na ule wa 5 wa jengeni nyumba. Na mkiweza wapeni nafasi hata wagonjwa wenyewe.

Nisiandike sana, mafuta ya taa yanaisha na kesho tunaanza kupogoa. Mzee ameonyesha kwa mkono kwamba na yeye anataka kwenda. Mkono wa kushoto una nguvu, mkasi anaushika, nitamwekea kiti mwanzoni mwa mstari wa kwanza pale penye kivuli akate ile anayoifikia.

Mama mkulima wa zabibu,
Mpunguzi, Dodoma