Theluji ya pamba kwenye joto hili la Tanga, ya nini?

Ndugu Mhariri,

Naomba unipe nafasi kwenye ukurasa wa barua niseme hili la mahafali ya chekechea maana Desemba ndo hiyo, na mimi ni fundi cherehani hapa Ngamiani kwa hiyo habari za mahafali zinanifikia kabla hata wazazi wenyewe hawajaambiwa. Oktoba haijaisha walimu washaanza kuleta oda za majoho, vijoho vidogo kabisa vya satini, na vile vikofia vya bapa ambavyo ndani tunaweka kadibodi na juu tunaning'iniza kishada. Nashona. Hela siikatai na wala siandiki hapa kujifanya mtakatifu, mwisho wa mwaka bila majoho na gauni za Krismasi fundi gani atakula. Ila na mimi nina binti wa miaka mitano yuko hukohuko chekechea, na kuna vitu naviona pande zote mbili, pande ya anayelipwa na pande ya anayelipa.

Kinachonikera sio sherehe. Mtoto acheze, aimbe, ale keki, hakuna ubaya. Kinachonikera ni kwamba sherehe imekula masomo halafu yenyewe haifundishi kitu. Kuanzia katikati ya Oktoba darasa ni mazoezi tu, daftari linarudi kama lilivyoenda, ukiuliza unaambiwa watoto wako bize na programu ya mahafali. Binti yangu sasa hivi ana wimbo wa kizungu wa theluji, anauimba wote na mikono anaipeperusha hivi inashuka chini, anapendeza kwakweli, sasa nikamuuliza binti, mama, theluji ni nini? Akanijibu pamba. Na hajakosea jamani, maana darasani kwao wameninginiza pamba za duka la dawa kwenye uzi kuanzia dirishani mpaka ubaoni na wameambiwa hiyo ndo theluji, kwa hiyo theluji ni pamba, basi.

Mtu asinielewe vibaya nikaonekana nachukia mambo ya wazungu. Mtoto wa Ulaya au kaskazini ya Marekani akikata theluji ya karatasi mwezi Desemba anajifunza kweli, kwa sababu ile kitu iko nje ya dirisha lake. Wanakunja karatasi, wanakata pembeni, wakiifungua inatakiwa itoke na ncha sita kwa sababu theluji yenyewe ikiganda inaganda na pande sita, hapo mtoto ameshika mkasi, amehesabu mpaka sita, ameona pande mbili zinazofanana, na akitoka nje anakutana na kilekile alichokikata. Kwao mwezi huu ndo mchana unakuwa mfupi kupita yote, tarehe 21 au 22, giza linaingia mapema, baridi, ndo maana wanawasha mishumaa na mataa. Sherehe yao imetoka kwenye hali ya hewa yao. Sasa sisi tumechukua mapambo tukaacha sababu, na mapambo bila sababu kwa mtoto wa miaka mitano ni uongo tu hata kama unameremeta.

Hivi Tanga Desemba nje ya dirisha kuna nini? Kuna kaskazi inaanza kuvuma, upepo uleule ulioleta majahazi ya Waarabu na Wahindi kwenye pwani hii, mtoto akipewa kipande cha karatasi kwenye kijiti ataona mwenyewe upepo unatoka wapi. Kuna maembe, yani maembe kila kona, ya kuhesabu, ya kupanga makubwa na madogo, ya kunusa, halafu yanaliwa na kokwa zinabaki za kuhesabia tena. Kuna ile miti mikubwa yenye maua mekundu ambayo wengi tunaiita mikrismasi kwa kuwa inachanua msimu huuhuu, ukiokota ua lake una somo zima mkononi, petali tano, nne nyekundu na ya tano imesimama peke yake ina madoa meupe. Muulize mtoto ipi haifanani na wenzake. Zile ganda zake ndefu zikikauka zinalia chakachaka, watoto wa mtaani wanajua, kayamba ya bure hiyo, wakati shule inaomba mchango wa kukodi spika.

Na kivuli. Hili mimi nalipenda sana kwa sababu kibanda changu kiko wazi upande mmoja na kivuli ndo saa yangu. Mwezi huu mchana saa sita ukisimama hapa Tanga kivuli chako kinalala upande wa kaskazini, kwenye njia ya kwenda Horohoro, mwezi wa sita kinageuka kinalala upande wa kusini, wa Pangani. Jua limehamia kusini kwetu, na ni kuhama hukohuko kwa jua kunakowaletea wenzetu wa Ulaya theluji. Mwalimu akimsimamisha mtoto uwanjani akamchorea kivuli chake kwa chaki mwezi wa sita, akamchorea tena kabla ya kufunga shule, huyo mtoto ameshika habari ya baridi ya Ulaya kuliko aliyefunikwa na pamba. Chaki tu, hakuna mchango.

Halafu kuna jambo linanichekesha na kuniuma kwa pamoja. Huko Marekani kuna sikukuu ya Wamarekani weusi inaitwa Kwanzaa, ilianzishwa mwaka 1966 na Maulana Karenga kule California, inaanza Desemba 26 mpaka Januari 1, na zipo shule ambazo watoto wadogo wanafundishwa habari zake kabla ya kufunga kwa ajili ya likizo ya baridi. Siku saba, kila siku ina nguzo yake, na nguzo zenyewe ni Umoja, Kujichagulia, Ujima, Ujamaa, Nia, Kuumba na Imani, hivyohivyo kwa Kiswahili. Wanatandika mkeka, wanaweka kinara chenye mishumaa saba, mmoja mweusi, mitatu mekundu, mitatu ya kijani, wanaweka na vibunzi. Yani mtoto wa Chicago Desemba anajifunza kutamka mkeka, na mtoto wa Makorora aliyezaliwa juu ya mkeka anajifunza theluji. Nani amemwibia nani sijui.

Hata hao walioanzisha hizi shule za wadogo hawakuwa na mpango wa majoho. Mjerumani Friedrich Froebel ndiye anayesemwa alianzisha, mwaka 1837, mji wa Blankenburg, na kitu cha kwanza alichokuwa anampa mtoto ni mipira ya nyuzi za sufu ya rangi mbalimbali, baadae tufe na mchemraba wa mbao, na watoto walikuwa wanasuka karatasi, wanakunja, wanapitisha sindano na uzi kwenye kadi. Mimi niliposoma hivyo kwenye simu nilicheka peke yangu kibandani, kumbe vitu vya fundi cherehani. Binti yangu akitoka shule huwa anakaa chini ya meza yangu anapanga vifungo, vyenye matundu mawili huku, vyenye manne huku, hakuna aliyemwambia. Akimaliza anahesabu. Akikosea anarudia, hakuna mtu anampigia makofi wala nini.

Na mtaala wetu wenyewe haukuwa na tatizo. Mtaala wa elimu ya awali wa 2016, kabla ya huu mpya ulioanza 2024, uliweka kipindi dakika 20, ukasema mwalimu mmoja watoto 25, ukaweka mpaka stadi za sanaa na kutunza mazingira humohumo pamoja na hesabu na mawasiliano, kwa hiyo kuimba na kucheza ni somo halali. Sasa dakika 20 ziliwekwa kwa sababu mtoto huyu hakai kitu kimoja kwa muda mrefu, halafu sisi tunamsimamisha juani asubuhi nzima anarudia wimbo mmoja kwa sababu mwenzake mmoja anakosea kugeuka. Nawasema walimu lakini pia nawahurumia, wengi wao darasani hawana watoto 25, wana mara mbili yake na zaidi, na shinikizo la mahafali linatoka juu, kwa mwenye shule anayetaka picha za kubandika kwenye bango la kutafutia wateja wa Januari.

Siku yenyewe sasa. Mwaka jana nilihudhuria moja, shule siitaji. Kadi imeandikwa saa tatu asubuhi, mgeni rasmi kafika saa sita kasoro. Muda wote huo watoto wako chini ya turubai ndani ya majoho ya satini nyeusi, na satini mimi ndo naijua, haipitishi hewa hata kidogo, ile ni ya kuvaliwa jioni na mtu mzima ndani ya ukumbi wenye feni. Wawili wakavuliwa wakapelekwa kumwagiwa maji. Akaja Baba Krismasi na koti jekundu na ndevu za pamba, jasho linamchuruzika mpaka ndevu zikang'oka upande mmoja, nusu ya watoto wakaangua kilio, na nusu nyingine hata hawajui ni nani maana Tanga hii watoto wengi wanatoka shule wanakwenda madrasa na nyumbani kwao hajawahi kutajwa. MC anaendelea tu kusema watoto wamefurahi. Risala, hotuba, ahadi ya madawati, hotuba nyingine. Watoto waliokuwa na mahafali yao waliongea jumla labda dakika kumi.

Nimetaja madrasa, wacha nimalizie hapo. Pale madrasa mtoto akisimama mbele ya watu siku ya Maulidi anasoma alichokisoma mwaka mzima. Hakuna kufunga somo miezi miwili kwa ajili ya onyesho. Kwa nini chekechea isiwe vile?

Najua nitajibiwa. Nina mteja wangu mmoja, anauza samaki wa kukaanga, yeye aliishia darasa la nne akaolewa, alipokuja kuchukua joho la mwanae alilishika muda mrefu bila kusema kitu halafu akaniambia fundi, huyu ndo wa kwanza kwetu kuvaa hili vazi. Nilishindwa hata kumdai iliyobaki. Kwa hiyo siwezi kukaa hapa niseme joho ni upuuzi, kwa mzazi kama yule lile joho ni lake yeye zaidi ya mtoto, na ana haki. Ila mama huyohuyo ndo alikopa kwenye kikoba kulipia joho, keki, picha, video na mchango wa ukumbi, na Januari ikaja na daftari, viatu, sare ya darasa la kwanza, mtoto akaanza shule kachelewa. Shule za serikali zimeondolewa ada tangu 2016, sasa tumejitengenezea ada nyingine ya furaha, na ole wako usichange, mwanao atakaa pembeni na nguo za kawaida anaangalia wenzake. Hapo ndo mimi nakasirika.

Joho linaweza kubaki. Shule inunue kumi na tano au ishirini yake, kitambaa chepesi cha pamba, yatunzwe stoo yatumike kila mwaka, mtoto avae dakika tano za kupewa cheti na kupigwa picha avue akacheze. Mimi nitakosa oda, sawa, nitashona mashuka. Sherehe iwe darasani au chini ya mti wa shule, saa mbili asubuhi jua halijakolea, iishe saa nne. Badala ya wazazi kupangwa kwenye viti vya kukodi kama wako kikaoni, kila mzazi akae chini na mwanae amuoneshe alichojifunza, hivi ndo nahesabu, hii ndo herufi ya jina langu, hiki ndo kivuli changu. Wacheze mdako wazazi wahesabu. Chakula kila mtu alete alichonacho, embe, vitumbua, mkate wa kumimina, wale pamoja wa Krismasi na wa Idi. Hotuba ya mwalimu mkuu sentensi tatu akaombe dua akae. Kama kuna mgeni rasmi basi awe bibi wa mtaani anayejua hadithi.

Kamati za shule na wazazi mlioko kwenye magrupu ya WhatsApp, hii muijadili Januari au Februari, msisubiri Oktoba maana Oktoba mtakuta spika ishakodiwa na mtaambiwa mmechelewa.

Na walimu wa chekechea wa hapa mjini, mimi nina magunia ya vipande vya vitambaa vinavyobaki, khanga, vitenge, satini, tetroni, rangi zote na kila umbo, pamoja na vibiringo vya nyuzi vilivyokwisha. Kila mwisho wa wiki vinaenda dampo. Anayetaka vya kufundishia rangi na maumbo aje achukue bure, asubuhi kabla ya saa tatu wateja hawajajaa, ila aje na mfuko wake.

Fundi cherehani na mzazi,
Ngamiani, Tanga