Kabla ya sala ya mvua, ule mpaka

Ami,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Ujumbe wa hela ya spika umenifika. Hela nimemtumia Shangazi, ila si ya spika: sala ya mvua haina adhana wala ikama, mwenye sauti mmoja akinadi "Assalaatu jaamia", yaani njooni kwenye sala ya pamoja, yatosha. Anunue mafyekeo na reki. Na zisipite mikononi mwa Kaka, sababu mnaijua.

Naambiwa Kaka anasema dua peke yake inatosha, mdogo wake anasema dua ni kupoteza muda. Na majani ya pale mpakani wanapogombea yamefika kiunoni, hakuna aliyeyagusa.

Huku Texas mwaka 2011 Gavana Rick Perry alitangaza siku tatu za kuombea mvua, Aprili 22 hadi 24. Ukame ukaendelea. Septemba 4 dhoruba Lee ikaleta upepo bila mvua, miti ikaangukia nyaya za umeme, eneo la Bastrop likawaka. Nyumba zaidi ya 1,600 ziliteketea. Wapo wanaoicheka sala kwa hilo. Mimi naona misonobari mikavu iliyosogea hadi kwenye nyumba za watu.

Taratibu za madhehebu yetu ya Kishafii unazijua (hata imamu wetu hapa, Mhanafi, huniuliza mimi), ila vijana wakumbushe. Siku tatu za saumu, toba na kurudishiana haki. Ya nne mtoke mmefunga, nguo za kazi, bila manukato, pamoja na wazee, watoto na mifugo. Rakaa mbili uwanjani, kisomo kwa sauti: rakaa ya kwanza takbira saba baada ya ile ya kuhirimia (ya kufungulia sala), ya pili tano. Khutba mbili baadaye, na badala ya takbira za Idi ni istighfari, yaani kuomba msamaha, tisa khutba ya kwanza kisha saba ya pili. Ndani ya khutba ya pili ugeukie kibla na kupindua shuka, upande wa kulia uje kushoto. Mvua isipokuja mnarudia. Watu hupenda hapo pa shuka kwa kuwa panapendeza machoni. Pa kurudishiana haki wanaparuka.

Kuhusu moto wa nyika: nyumba nyingi huwashwa na cheche zinazotangulia na upepo, zikatua kwenye majani makavu ya paani au rundo la kuni. Mita 1.5 kuzunguka ukuta pasiwe na kitu cha kushika moto. Kuni ziwekwe mita 9 mbali, majani yasizidi sentimita 10, matawi ya chini yakatwe hadi mita 2. Mpakani wafyeke, wakwangue mpaka udongo mtupu, upana usipungue mara tatu ya urefu wa majani. Wakiyaacha yaliyofyekwa palepale, wamelisha moto.

Ukanda huo unapita palepale wanapogombea. Ningekuwapo ningeshika kamba ya kupimia, wallahi natamani. Wapatanishe Jumatatu, wafyeke pamoja siku hiyohiyo, saumu ianze Jumanne, mtoke Ijumaa asubuhi.

Mwanao