Barua kwa Kepteni

Tandika, Dar es Salaam
Jumapili usiku

Kepteni,

Barua yako nilikabidhiwa na dada yako Jumatano, nikaisoma nimesimama palepale kituoni mpaka daladala mbili zikanipita. Ya ligi nimeyasikia, hongera. Kilichonitafutisha kalamu ni yale uliyoandika pembeni kwa herufi ndogo, kama unaogopa nitakugombeza: kwamba kuna kaka wa kidato cha sita anauza vidonge vya kujaza mwili, na kwamba mwenzenu mmoja amejaa mashavu ndani ya wiki tatu.

Usiviguse. Vya namna hiyo mtaani mara nyingi huwa ni deksamethasoni. Ni dawa halali kabisa, daktari huitoa kwa pumu kali na uvimbe, ila kwa kipimo chake na sababu zake. Yale mashavu ya mwenzenu hayakujaa nyama, yamejaa maji na mafuta. Uso ukivimba hivyo, mapajani misuli inaliwa, mifupa inalegea, sukari inapanda, na kwa mtu wa miaka 16 hata urefu unaweza kugoma. Yaani mtu anatafuta misuli kwa dawa inayokula misuli! Na kama ameshavimeza kwa wiki kadhaa, mwambie asikatishe ghafla peke yake, aende zahanati aseme ukweli. Mwili hujisahau kutengeneza homoni yake ukizoea kuletewa, na kuukatia ghafla ni hatari. Sindano za homoni za kiume ndiyo usiniulize kabisa: kwenye umri wetu zinafunga mifupa kabla haijamaliza kurefuka, na korodani zinasinyaa.

Najua haraka uliyonayo kwa sababu nilikuwa nayo. Ile jimu ya uani kwa kina mjomba unaikumbuka: bomba la maji, huku na huku ndoo za rangi za lita 10 zimejazwa zege. Mwaka jana tulikuwa tunashindana. Nikalala kwenye benchi, nikasukuma mara tatu, ya nne bomba likaegemea kushoto, bega likalia kama kijiti kikavu. Wiki sita mama ananivisha shati. Nilipopona tukazipeleka zile ndoo kwa mnunua chuma chakavu tuzipime: moja kilo 23, nyingine 18. Kumbe saruji iliwaishia njiani, na sisi mwaka mzima tunajiita wababe.

Yule mama wa mazoezi ya viungo hospitalini ndiye aliyenifungua macho. Aliniambia chuma hakimdumazi mtoto, watu wanasema tu. Cha kuogopa ni pupa, maana kwenye ncha za mifupa yetu bado kuna gegedu laini ambalo mzigo mbaya unaweza kuliumiza. Akasema pia nguvu ya wiki za mwanzo haitoki kwenye misuli, ni neva zinajifunza kuiamsha. Kwa hiyo mwezi wa kwanza kioo kipumzishe, utaona kitu kwenye idadi, siyo kifuani.

Wewe anza na mwili wako. Siku tatu kwa wiki, usiunganishe, misuli ipate siku ya kupumua katikati. Pasha kwanza. Pushapu kumi kumi mara tatu, kuchuchumaa na kuinuka huku begi la vitabu likiwa mgongoni, kujivuta kwenye tawi la mwembe (siyo kwenye goli, lile goli lenu halijachimbiwa, litakuua). Ukifika 15 bila mgongo kupinda, usikimbilie uzito. Shuka polepole ukihesabu hadi tatu, utaona zile kumi zinavyorudi kuwa ngumu.

Kwenye chakula unalia bure. Mtu wa mazoezi anatakiwa apate protini gramu 1.4 mpaka 2 kwa kila kilo ya mwili, na wewe una kilo 58, basi 81 zinakutosha kuanzia. Hesabu mwenyewe: vikombe viwili vya maharage yaliyoiva ni kama gramu 30, robo kilo ya unga wa ugali 20, mayai mawili 12, glasi ya maziwa 8, karanga viganja viwili 14. Umefika 84, na hujanunua kopo lolote la unga wenye picha ya baunsa. Ugali na maharage yenu mnayoyatukana yanakamilishana, kilichopungua huku kipo kule. Siku ya dagaa usiwaachie wenzako.

Halafu lala. Usingizi wa saa nane angalau kila usiku, na najua mnakesha na simu ya kuficha.

Dada yako anarudi huko Ijumaa, nimempa karanga kilo mbili na zile raba zangu, zimenibana. Nijibu pushapu ngapi unapiga sasa hivi, za kweli, kifua kikikaribia sakafu. Mimi baada ya bega nilianza na nne.

Wako,
Mtu wa Bega