Barua ya Wazi kwa Mpwa Wangu Anayetaka Kutafsiri Mtandaoni

Mpwa wangu mpendwa,

Nakusalimu wewe na mama yako. Uliponiuliza kwa simu ni jukwaa lipi linamfaa mtu anayeanza, kati ya Upwork, Fiverr na Freelancer.com, masoko ya mtandaoni yanayokutanisha wateja na wafanyakazi huru, nilikujibu kwa kifupi mno, nikahisi hukuridhika. Nimeamua kukuandikia kwa kirefu na kuiacha barua hii wazi, kwa kuwa wenzako wengi mliohitimu pamoja wananiuliza swali hilohilo.

Nianze na malipo, ingawa wengi huyaacha yawe ya mwisho. Kabla hujauliza jukwaa lina kazi ngapi, uliza fedha itatokaje kwa mteja aliyeko Toronto mpaka ifike kwenye akaunti yako ya benki hapo Morogoro. Wenzetu wa Kenya wamekuwa na njia ya kuhamisha fedha kutoka PayPal kwenda M-Pesa tangu mwaka 2018, lakini akaunti ya PayPal iliyofunguliwa Tanzania imekuwa ya kulipia, si ya kupokea. Kwa hiyo jukwaa linalolipa kwa PayPal peke yake halikufai, hata lingekuwa na kazi nzuri kiasi gani. Upwork na Fiverr hulipa pia kupitia Payoneer, huduma ya kupokea malipo kutoka nje ya nchi, na kutoka huko fedha huhamishiwa benki. Hakikisha jina lililo kwenye kitambulisho chako cha NIDA, kwenye benki na kwenye jukwaa ni moja, herufi kwa herufi, kwa sababu jina la babu lililoachwa sehemu moja na kuandikwa sehemu nyingine linatosha kuzuia malipo.

Jambo la pili ni kamisheni, na hapa asilimia peke yake hupotosha. Fiverr, iliyoanzishwa Israel mwaka 2010 kwa huduma za dola 5, hukata asilimia 20 ya kila unachopata: ukiuza kwa dola 50, unabaki na 40, na muuzaji mpya husubiri siku 14 baada ya kazi kukamilika ndipo aweze kuzitoa. Freelancer.com, ya Australia, hukata asilimia 10 kwa kazi za bei maalumu, yaani zinazolipwa kwa jumla mliyopatana, si kwa saa, na ukisikia hivyo utaiona nafuu. Lakini kanuni yake ni asilimia 10 au dola 5, ipi ni kubwa zaidi, na makato hufanyika pale unapoikubali kazi, kabla mteja hajakulipa chochote. Kwa kazi ya dola 10, ambayo ndiyo anayoipata anayeanza, nusu imekwenda. Upwork ilikuwa ikikata asilimia 10 kwa wote, na tangu mwaka 2025 kiwango hubadilika kati ya sifuri na asilimia 15 kulingana na kazi, ila unaonyeshwa kabla ya kutuma ombi. Gharama yake hasa ni ya kuomba: kila ombi hulipiwa kwa vipande viitwavyo Connects, kimoja senti 15 za dola, na kazi moja huweza kudai zaidi ya kumi. Ikihitaji 16, umetumia dola 2.40 kwa ombi ambalo huenda mteja asilifungue. Mtu anayetuma maombi ishirini yanayofanana kwa siku moja anachoma fedha, na sioni tofauti kubwa kati yake na anayebeti.

Hata hivyo mimi ningekushauri uanzie Upwork. Fiverr ni kama meza ya sokoni: unapanga huduma yako, unaandika bei, unangoja mnunuzi apite. Inamfaa mchora nembo, ambaye kazi yake huonekana kwa jicho moja. Tafsiri haionekani hivyo. Mnunuzi asiyejua Kiswahili hawezi kuipima sampuli yako, atatazama bei na nyota ulizopewa na wateja waliotangulia, na wewe huna nyota bado. Utashusha bei mpaka ichoshe. Upwork wewe ndiye unayemwendea mteja, na barua ya maombi yenyewe ni nafasi ya kuonyesha kwamba umesoma alichoandika. Mtafiti wa afya akitangaza kwamba ana fomu ya ridhaa na dodoso la kutafsiri, mwulize kama atahitaji pia tafsiri rejeshi, yaani mtu mwingine arudishe maandishi kwenye Kiingereza ili yalinganishwe. Swali hilo moja litamwambia kwamba unaijua kazi kuliko aya nzima ya kujisifu. Na ujikite hapo hapo kwenye afya na utafiti. Wasifu unaosema unatafsiri, unachora, unaingiza data na kutunza mitandao ya kijamii haumshawishi mtu yeyote.

Ukipata kazi ya bei maalumu, usianze mpaka uone kwamba mteja ameshaweka fedha kwenye amana ya jukwaa, yaani jukwaa limezishika mpaka kazi ikamilike, kwa hatua hiyo ya kazi. Ukishawasilisha, ana siku 14 za kukagua, na akinyamaza, fedha huachiliwa kwako. Kazi za kulipwa kwa saa hulindwa pale tu unapotumia programu yao inayopiga picha za skrini yako, sita kwa kila saa; wengine huichukia, mimi naona ni ushahidi wako siku mteja akigoma kulipa. Atakayekwambia mhamie WhatsApp na akulipe pembeni anakutoa nje ya ulinzi huo wote, na anakuvunjisha kanuni, kwani Upwork inataka malipo yapitie kwao kwa miaka miwili tangu mlipokutana hapo.

Umenieleza pia kuhusu kijana anayekodisha akaunti yenye nyota tayari. Usiiguse. Akaunti hiyo ina jina na sura ya mtu mwingine, jukwaa likitaka kuthibitisha utambulisho kwa video hutakuwa na la kusema, na fedha zilizomo zitabaki kwa mwenye jina. Wanaodai kiingilio ili wakuunganishe na kazi sihitaji kuwaeleza.

Kuna mahali pengine ambapo hukupataja, nako ni ProZ.com, jukwaa la watafsiri lililoanzishwa mwaka 1999. Halikuwekei amana, unapatana na wakala wa tafsiri moja kwa moja na kumtumia ankara, naye huenda akalipa baada ya siku 30 au hata 60. Lakini lina Blue Board, mahali ambapo watafsiri huwapa mawakala alama, kuanzia 1 hadi 5, kulingana na utayari wao wa kufanya nao kazi tena. Fungua wasifu huko mapema, ila usitegemee kula kutokana nao miezi ya mwanzo. Fiverr iache mpaka uwe na wateja wa kukusifu, na Freelancer.com sioni sababu yake kwa kazi ndogo ndogo.

Andika wasifu wa Upwork wiki hii, kwa Kiingereza, aya mbili tu, na uambatishe kurasa mbili za tafsiri uliyoifanya mwenyewe kutoka kwenye kipeperushi chochote cha afya kilicho wazi kwa umma. Nitumie kabla hujanunua Connects hata moja, nami nitakurudishia na masahihisho kabla ya Jumapili.

Mjomba wako