Shukrani kwa kijana wa boda boda aliyeturudishia nishani ya babu

Babu yetu alikuwa askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza hapa Afrika Mashariki, akafia Burma (sasa Myanmar) katika Vita vya Pili vya Dunia mwaka wa 1944, na kaburi lake hatulijui. Kilichobaki ni nishani ya Nyota ya Burma, utepe wake umeshachujuka, pamoja na barua ya jeshi. Kila Jumapili ya kumbukumbu ya askari waliokufa vitani, ile iliyo karibu na tarehe 11 Novemba, mama huivaa kanisani, kwa kuwa hajawahi kupata mahali pengine pa kumlilia baba yake. Mwaka huu, siku mbili kabla, alikidondosha kifurushi hicho katika stendi ya Kisumu.

Kijana wa boda boda alikiokota, akaisoma barua hadi akaona jina la lokesheni, akaulizia namba ya chifu, kisha akakileta mwenyewe hadi nyumbani jioni ya Jumamosi. Alikataa hata pesa ya mafuta. Alivua kofia, akamwomba mama amsimulie habari za babu, akasikiliza mpaka mwisho. Ndugu wasomaji, mkiokota karatasi kuukuu za jeshi, tafadhali mpelekeeni chifu wa eneo lililoandikwa. Kijana wetu, ahsante sana. Jumapili mama aliivaa.