Wito wa Harambee: Tujengeeni Boma la Punda Kabla Hawajaisha

Ndugu, majirani na marafiki wa Maai Mahiu, mlio karibu na mlio mbali,

Tunawasalimu nyote. Tunaandika tukiona haya, kwa maana mwaka haujaisha tangu tuwapitishie kadi ya tangi la maji, nanyi mkachanga bila kutuuliza maswali mengi. Tangi lipo, linafanya kazi, na kila anayepita kando ya kioski analiona. Kabla ya hapo mlitukimbilia wakati wa mafuriko ya Aprili 2024, na hilo hatutalisahau tukiwa hai. Kurudi tena mlangoni kwenu si rahisi. Lakini tangu Januari tumepoteza punda tisa. Kikundi chetu cha kuuza maji kwa mikokoteni kina akina mama 31 na kilikuwa na punda 46. Leo asubuhi tumehesabu 37.

Mimi ndiye katibu wa kikundi, na mmoja wa hao tisa alikuwa wangu. Jina lake Subira. Alizaliwa mwaka ambao kifungua mimba wangu alianza kutambaa, na mtoto huyo sasa yuko kidato cha tatu. Njia ya kutoka kisimani hadi kwa wateja Subira aliijua kuliko mimi. Alikuwa akisimama mwenyewe kwenye lango la mwalimu mstaafu, anangoja mitungi miwili ishushwe, kisha anaendelea hadi kwa mama wa mandazi bila kuambiwa. Nikiwa mgonjwa, watoto walikuwa wakimfunga mkokoteni na kumwacha aongoze njia. Maai Mahiu kwa Kikuyu ni maji ya moto, na maji ndiyo tunayokosa. Anayeyaleta hadi mlangoni kwa watu wengi hapa ni punda.

Usiku wa Jumanne moja mvua ilikuwa ikipiga mabati, hatukusikia kitu. Alfajiri nikakuta ua wa miiba umekatwa kwa panga, pengo la mtu kupita na mnyama. Tulifuata nyayo na majirani wawili hadi kwenye korongo lililo chini ya barabara. Nyama ilikuwa imekwenda, ngozi imekwenda. Kilichobaki ni kichwa, matumbo na miguu minne iliyokatwa gotini. Nilimtambua kwa ukwato wa mbele wa kushoto. Ulikuwa na ufa, na wiki mbili tu kabla ya usiku huo daktari wa mifugo alikuwa ameusugua kwa tupa na kunionyesha jinsi ya kuupaka dawa. Dawa ilikuwa bado imeganda kwenye ufa. Mtoto wake wa miezi saba alikuwa amesimama hatua chache kutoka hapo, hajaguswa, ananusa majani.

Tuliandikisha habari hiyo kituoni, tukaambiwa tungoje. Tunangoja bado.

Tangu siku hiyo mkokoteni tunauvuta wenyewe. Mimi nashika mbele, binti yangu wa gredi ya sita anasukuma nyuma, na mitungi tumepunguza kutoka 12 hadi minne kwa sababu mwanadamu hawezi kufanya kazi ya punda. Tunaanza saa kumi na moja alfajiri ili amalize kabla ya kengele. Wiki iliyopita alichelewa siku tatu. Mwalimu wake alinipigia simu kwa upole, akaniuliza kama kuna shida nyumbani, nikakosa jibu.

Sasa niseme lile ambalo lilituchukua mikutano miwili kukubaliana kwamba tuliandike. Kati ya punda tisa tuliowapoteza, walioibwa ni watano. Wanne waliuzwa, na waliowauza ni sisi wenyewe. Hakuna mama aliyemuuza punda wake kwa sababu hampendi. Mmoja alikuwa na mtoto hospitalini na bili haijalipwa. Wawili walisukumwa na karo, shule zilipofunguliwa. Wa nne alikuwa na punda mzee asiyeweza tena kuvuta, na hakuwa na majani ya kumlisha mnyama asiyeleta kitu. Broka huja wiki hizo hizo. Anakuja na pikipiki, anajua nyumba yenye mgonjwa na nyumba yenye barua ya karo, anahesabu noti mbele yako, na anakwambia kitu kimoja kila mara: punda huyu anakwenda Narok kufanya kazi kwa mtu mzuri. Unamwamini kwa sababu unataka kumwamini. Baada ya wiki mbili unapiga ile namba, haipatikani. Aliyeuzwa hivyo na aliyeibwa usiku huishia kisu kimoja.

Ndiyo maana tunawaomba boma na tunawaomba pia mfuko wa dharura. Ukuta unazuia mwizi. Hauwezi kumzuia mama mwenye mtoto mgonjwa.

Wengine mmetuuliza, je, si serikali ilishapiga marufuku? Ni swali la haki, acha tulijibu. Kuanzia mwaka 2016 vilifunguliwa vichinjio vinne vya punda vyenye leseni hapa Kenya: Baringo, Naivasha, Machakos na Turkana. Soko kubwa lilikuwa ngozi. Huko China ngozi ya punda huchemshwa ikawa gundi inayotumika kwenye dawa za kienyeji na vipodozi. Sensa ya 2009 ilihesabu punda milioni 1.8 nchini, ya 2019 ikakuta kama milioni 1.2. Punda jike hubeba mimba mwaka mzima, mara nyingine zaidi, na huzaa mtoto mmoja tu, kwa hiyo aliyechinjwa leo pengo lake halizibwi mwakani. Februari 2020 waziri wa kilimo alitoa amri vichinjio vifungwe, baada ya wenye punda kuandamana. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ikaitengua amri hiyo. Kisha Februari 2024 marais wa Afrika waliokutana Addis Ababa wakakubaliana kusitisha biashara ya ngozi za punda barani kote. Tulifurahi sana siku ile, wengine wetu tulipiga vigelegele kioskini. Lakini amri huja na kuondoka, na iliyo bora kuliko zote haikeshi nje usiku na tochi. Tena nyama ina soko lake la kificho: hukatwa vichakani, hupakiwa kwenye magunia na kuuzwa mijini kama ya ng'ombe. Anayefanya hivyo hajali kikao cha Addis Ababa.

Hesabu yetu iko hivi. Boma la pamoja la mawe ya kuchonga, ukuta wa kimo cha futi nane, lenye nafasi ya punda 40 na kibanda cha mlinzi, fundi ametukadiria Sh. 385,000 pamoja na simiti na kokoto. Lango la chuma lenye kufuli mbili, Sh. 45,000. Chanjo ya pepopunda (ugonjwa ambao hata kwa jina umembeba huyu mnyama) na ya kichaa cha mbwa, pamoja na daftari lenye picha na alama za kila punda ili akiibwa tuweze kumtambulisha popote, Sh. 60,000. Mfuko wa dharura wa kuanzia, Sh. 150,000. Jumla ni Sh. 640,000. Sisi wenyewe tumekwisha kuchanga Sh. 87,400, na kati ya hizo zimo za mama mmoja aliyeuza kuku wake wote sita. Kiwanja tumepewa na familia moja jirani kwa mkataba wa miaka 15, mbele ya chifu. Mlinzi tutamlipa wenyewe, kila mwenye punda akitoa kidogo kila wiki, hilo hatuwaombi.

Kuhusu mfuko, tumeweka masharti, na tungependa myajue kwa sababu ndiyo moyo wa jambo hili. Mama mwenye shida ya kweli anakopeshwa siku hiyo hiyo, bila riba, na anarudisha katika miezi mitatu. Punda anabaki kwake, anaendelea kufanya kazi, na ndiye anayelipa deni. Akilazimika kuuza kabisa, anakiambia kikundi kwanza na kukipa siku saba, ili mmoja wetu au mtu tunayemjua amnunue. Hakuna kumuuzia mtu tusiyejua kwake. Na punda mzee haondoki. Atakaa bomani, watoto watamletea majani, atatembea na wachanga kuwafundisha njia. Najua kuna watakaosema mnyama asiyefanya kazi ni gharama. Punda akitunzwa anaweza kuishi miaka 25 na zaidi, na sisi tunamtumikisha tangu akiwa na miaka mitatu. Miaka michache ya kupumzika si zawadi kwake. Ni mshahara uliocheleweshwa.

Watu husema fadhila za punda ni mateke. Sisi tunaolala naye ua mmoja tunaona msemo huo umegeuzwa. Ni nani aliyemfadhili punda hata akapigwa teke? Nyumba nyingi tunazokaa, mchanga wake ulifika kwa mkokoteni wa punda. Chai uliyokunywa leo, kama unakaa upande wetu wa barabara, maji yake yalipita mgongoni kwake. Mlezi wa kanisa letu alitukumbusha Jumapili kwamba Maandiko hayakuruhusu mtu apite tu akimwona punda ameanguka chini ya mzigo wake, hata kama punda huyo ni wa adui yake. Majirani zetu Waislamu nao wametuambia mafundisho yao yanahimiza huruma kwa mnyama abebaye mizigo, na baadhi yao wameshatoa ahadi zao. Hatutaji majina ya waliotoa wala ya ambao bado, lakini kadi 60 tulizosambaza awamu ya kwanza zimerudi 22. Nyingine tunajua ziko juu ya kabati, si kwamba mmekataa. Zishusheni.

Tunaahidi kwamba kila shilingi itahesabiwa. Mweka hazina atatoa risiti, akaunti ina watia saini watatu, na hesabu kamili itasomwa hadharani na kubandikwa kioskini ndani ya mwezi mmoja baada ya harambee, kama tulivyofanya na tangi.

Harambee itafanyika Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, uwanja wa kanisa, kuanzia saa nne asubuhi. Hatujaalika mgeni mkubwa wa kukalia kiti cha mbele. Gharama ya mahema tumeona ni heri iende kwenye mawe. Kutakuwa na mnada wa mbuzi mmoja, jogoo wawili na vikapu walivyosuka akina mama. Nambari ya kutuma mchango kwa simu imeandikwa nyuma ya kadi. Anayetaka kutoa ahadi na kulipa kidogo kidogo aandikishe, tutamngoja. Asiye na pesa aje na koleo, toroli au mikono yake: msingi tunauchimba wenyewe ili kumpunguzia fundi siku za kazi. Wenye malori mnaopita hapa kwenda Narok na Naivasha, safari moja tu ya mawe kutoka machimboni ni mchango mkubwa kuliko mnavyodhani.

Na ninyi mliohamia Nairobi na kwingine, mliosomeshwa na mama aliyeuza maji kwa mkokoteni, mnajijua. Hatuwadai. Tunawakumbusha tu jina la yule punda, kwa sababu najua hamjalisahau.

Mtoto wa Subira bado hajapewa jina. Ua wangu umezibwa kwa miiba mipya lakini siuamini tena, kwa hiyo usiku analala jikoni, kamba yake imefungwa kwenye mguu wa kitanda cha binti yangu upande wa pili wa ukuta wa mbao. Akishtuka, kamba inavuta, binti anaamka, anaamsha nyumba nzima. Wenzangu wengi wanalala hivyo hivyo, huyu kafunga kengele, yule analala nje kwenye mkokoteni akiwa amejifunika turubai. Hatujapata usingizi wa kutosha tangu Februari.

Kadi zirudishwe kwa mweka hazina kabla ya Ijumaa jioni. Fundi anaanza Jumatatu inayofuata, kwa mawe yatakayokuwepo.

Wenu katika kazi na shukrani,
Katibu, kwa niaba ya akina mama wote 31